Korongo Linakula

Paukwa!
Pakawa.
Palikuwa na shamba!
Likawa shimo.

Hapo kale, mlimani, Nakijwa na mumewe Kajiru walikuwa na shamba moja tu la mahindi. Hawakuwa na jingine la kuwalisha. Kajiru alilima kwa plau akiwashusha ng'ombe moja kwa moja toka juu hadi chini, eti wasichoke. Mkewe alimsihi alime kwa kukata mteremko. Akajibiwa kwamba ng'ombe si wake.

Mvua ikanyesha. Maji yakafuata mistari ya plau, yakachimba ufa, ufa ukawa korongo la maji. Nakijwa akakimbilia kilabuni, mumewe alikokuwa akinywa na wenzake.

"Baba Nietiwe, korongo linakula shamba."

Wanaume wakacheka. Walidhani ni yule ndege wa miguu mirefu.

"Shemeji, ndege *anakula*. Hajawa jiwe."

Kabla hajafafanua, wakamfundisha ngeli. Jamani, mmeyasikia? Shamba linazama, watu wanasahihisha sarufi!

Mvua ya pili. Maji yakala udongo wa chini ya ukingo. Juu pakabaki kama paa lisilo na nguzo. Paa likaanguka. Beberu aliyeingia humo hakuonekana pembe. Nakijwa akarudi kilabuni, akasema lilelile. Wakamwambia amekuja tena na *li* yake. Kajiru akaahidi kuleta manati.

Mvua ya tatu ilipokatika, akaja nayo. Nusu ya shamba haikuwepo. Akasimama ukingoni, kinywa wazi.

"Rudi nyuma, mume wangu. Hapo chini yako ni hewa tupu."

"Na kusimama pia unifundishe?"

Ukingo ukaondoka naye.

Akapiga kelele toka chini kwamba korongo limemmeza. Kilabuni wakamjibu kwa kicheko: "Sema *amenimeza*, bwana!" Hakuna aliyeinuka.

Nakijwa akateremsha kamba ya ng'ombe. Kajiru alipoishika tu, ukuta wa pili ukaporomoka na mahindi yake, mabichi, yamesimama wima. Mchana kweupe, jua linawaka. Kajiru akainua macho.

"Mvua si imekatika? Mbona bado linakula?"

"Limeshatoboa chini. Sasa halingoji mvua." Nakijwa akaikaza kamba, asiivute. "Kesho plau inashikwa na nani?"

Udongo ukadondoka begani mwa Kajiru.

"Na wewe, mama Nietiwe."

"Tunalima vipi?"

"Kwa kukata mteremko."

"Ng'ombe ni wa nani?"

"Wetu."

Akavuta.

Hadithi imefika ukingoni. Nanyi sogeeni nyuma.