Figa la Mwakisha

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri. Ngano hii imetoka mbali, imechoka njiani.

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa ukishuka mlimani kuteka maji pamoja na watu, palikuwa na bibi mmoja, Mkamburi. Alijua kusoma. Nyumba yake akaifanya shule, wasichana wa vijiji vya mbali wasome na kulala humo humo, maana njia ilikuwa ndefu na mito ina hasira.

Msichana mmoja, Wakesho, alitamani kwenda. Akatamani, akatamani, hata akawa anachora majivuni herufi za kubuni. Baba yake, Mwakisha, akakataa. Desturi ilisema msichana akila jikoni kwa watu, amekwisha kuwa wa watu.

Bibi akaja na fimbo yake, ko, ko, ko.

"Baba Wakesho, nipe figa moja la jikoni kwako."

"La nini, Bibi?"

"Mtoto ale jikoni kwao, akiwa kwangu."

Mwakisha akakuna kichwa, akalitoa. Wakesho akajitwika jiwe lake, ukungu ukawafunika.

Kwa Bibi, mafiga matatu yalitoka vijiji vitatu. Chungu kikakaa. Tokota, tokota, tokota. Wakesho akasoma, na usingizini herufi zikamjia kama mbuzi wanaolijua zizi lao.

Lakini baba alimkosa mwanawe, nyumba ikampwaya. Asubuhi moja akatokea.

"Nimefuata figa langu. Na mtoto wangu."

Moyo wa Wakesho ukaanguka, pu.

Bibi hakubishana. "Ni lako, mwanangu. Likipoa, chukua."

Mwakisha akaketi kusubiri. Moto ukafifia, ukafifia. Wakesho alikuwa akiwasomea wenzake habari za mto uliokwenda mbali kuwatafutia watu wake mvua. Chungu kikanyamaza. Akaona mkono wa baba ukinyooka kuelekea jikoni, akafumba macho kwa uchungu.

Kisha, tokota, tokota.

Baba alikuwa amesukuma kuni.

"Endelea, mama," akasema. "Ule mto ulifika wapi?"

Tangu hapo alikuja mara kwa mara kulifuata figa lake, mzigo wa kuni begani. Halikupoa hata mara moja. Bibi Mkamburi alikwisha kutuacha, kaburi lake limeota majani, na moshi wa jiko lile ungali unapanda.

Figa moja haliinjiki chungu, na mtoto aliyekwenda kusoma hajahama kwao. Hadithi yangu imeishia hapo. Moto nawaachia, uchocheeni.