Ukosi Mweupe wa Kunguru wa Mlimani

Nipisheni nikae kwanza. Magoti haya yamepandisha wageni miaka mingi. Mnauliza kwa nini kunguru wa huku juu ana ukosi mweupe. Hadithi hii imenichosha, maana kila mwaka naisimulia na kila mwaka hakosekani asiyesikia. Haya, sikilizeni.

Zamani kunguru alikuwa mweusi tii, hata kisogoni, akiishi migombani huko chini. Watu nao walivuka mlima wapendavyo, kiangazi kiwe kichanga au kimekwisha. Basi mtu mmoja, Ndekirwa, alipochinja mbuzi, kidari kilikuwa haki ya mjomba wake aliyekaa upande wa pili wa mlima. Fungu la mjomba halikawizwi, wala haliguswi na mdomo mwingine. Ndekirwa alikuwa amekawia, na mawingu ya vuli yameanza kukaa kileleni.

"Baba watoto, zunguka kwa chini," mkewe Mkunde alimsihi. "Siku tatu si nyingi."

"Nyama itaoza, na mjomba ataona nimemdharau." Akashika njia ya juu.

Kunguru alifuata harufu. Sitamsifu bure; ulafi ndio uliomtoa nyumbani. Ila walipoipita miti ya mwisho alihisi baridi isiyo ya msimu, akatua njiani mbele yake, akalia, "Rudi! Rudi!" Ndekirwa akadhani anataka kidari, akamtupia jiwe. Adhuhuri theluji ikaanguka kabla ya wakati wake, ikafuta njia yote.

Ndekirwa akajibanza chini ya mwamba. Kunguru akaruka hadi kwa Mkunde, theluji imemganda kisogoni, akalia mlangoni mpaka mama wa watu akaita majirani. Kunguru akawaongoza; walipomfikia Ndekirwa kesho yake, alikuwa amekwisha kufa kwa baridi, tumbo tupu, kidari kizima mapajani.

Mjomba alipokuja mazikoni wakampa fungu lake. Mzee yule akalia bila kujificha.

"Kuchelewa ningesamehe," alisema. "Mpwa mwingine nitampata wapi?" Akakata kipande cha kwanza, akampa kunguru.

Na tangu siku hiyo theluji ile haijayeyuka kisogoni mwa kunguru, wala hakurudi migombani. Humfuata kila apandaye. Sisi wapagazi humtupia kipande kabla hatujaonja, na akishuka, tunashuka.

Asubuhi hii nimemwona akishuka. Nanyi, wanangu, naona bado mmejitwika mizigo, nyuso zimeelekea kileleni.