Mchi Mlangoni kwa Bi Kazija

— Paukwa!
— Pakawa!
Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!
— Pakawa!
Haya, sasa naamini mmekula.

Zamani hizo, kuku alipokuwa bado anaomba ruhusa kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na kijiji chenye adabu kupita kiasi. Mtu akitoka kwenda shamba, aliegemeza mchi wa kutwangia mlangoni. Mgeni akiuona, ajue wenyeji hawapo, asijikaushe koo kwa kupiga hodi.

Hapo aliishi Sadala, mhunzi wa makomeo. Makomeo ya chuma, mazito kama mkwe aliyenuna! Sadala akitamba, "Komeo langu hata mimi mwenyewe hunikatalia!"

Basi wizi ukaingia. Jua la utosini, watu mashambani, huku nyuma komeo linachokonolewa: kwechu, kwechu, kwa! Kwa mtunga shanga, shanga hakuna. Banda la muuza chumvi, chumvi hakuna. Sadala akafua komeo kubwa zaidi. Kwechu, kwechu, kwa! Akaweka mawili mlango mmoja. Kwechu, kwechu, kwa! Na wali wa watu ukaliwa humo humo chunguni!

Maneno yakaanza. "Nani ajuaye kuyafungua kama si aliyeyafua?"

Jumbe akamwita. "Sadala, kikiibwa kitu kingine, zima moto wako, beba nyundo yako, uhame."

Sadala akarudi nyumbani amekuwa mdogo kama punje ya mtama. Bi Kazija, bibi msuka vikapu wa nyumba ya pili, akamkuta kajiinamia.

"We mjukuu wangu, kafa nani?"

"Jina langu, bibi."

"Halijafa, limezimia tu. Hebu niambie, mwizi amewahi kuingia nyumba isiyo na mchi mlangoni?"

Sadala akafikiri. Kwa mtunga shanga, mchi. Kwa muuza chumvi, mchi. Kwa wenye wali, mchi! Taya likamdondoka.

"Komeo lolote hufunguka, mwizi akipata muda," akasema Bi Kazija. "Wewe unamchelewesha. Sisi tunamwambia asiwe na haraka."

"Basi tuache kuegemeza michi!"

"Tuache adabu yetu kwa ajili ya mwizi? Thubutu! Siku ya harusi ya binti wa Jumbe, atakayetoka asiegemeze mchi. Atakayebaki ndani, ndiye aegemeze."

Akapita nyumba kwa nyumba, akinong'ona.

Harusi ikafika. Ngoma huko uwanjani: ndu! ndu! ndu! Vichochoro vikawa kimya. Mara akatokea Chakupewa, muuza vyungu, yule anayepita kila adhuhuri. "Vyungu! Vyungu!" Kwa mtunga shanga, hakuna mchi, akapita. Kwa muuza chumvi, hakuna mchi, akapita. Kwa Bi Kazija... mchi huoo! Akatua vyungu. Kwechu, kwechu, kwechu, kwa!

Mlango ukafunguka. Ndani, wanawake wamejaa mkekani, viganja midomoni, vicheko vinawatoka puani. Jumbe yumo, kilemba cha harusi kichwani. Na Sadala, nyundo mapajani.

"Karibu, baba," akasema Bi Kazija. "Mbona hatukusikia hodi?"

"Na... nauza vyungu, bibi."

"Kwa kuvipitisha kwenye komeo?"

Wanawake wakavipindua vyungu. Shanga, mwaa! Chumvi, pu! Mali ya kijiji kizima ilikuwa ikitembezwa mchana kweupe, na wenyewe wakiipungia mkono.

Jumbe akamshika Sadala mkono, akampeleka hadi katikati ya ngoma. "Nilikosa. Huyu ndiye mhunzi wetu!" Vigelegele vikapaa. Chakupewa akarudisha mali mlango kwa mlango, akipiga hodi hata penye mlango wazi.

Tangu siku hiyo kila mlango ukawa na mchi, mwenyewe awepo asiwepo, na aliyetoka alimuaga jirani. Wezi wa mbali wakawa wanakikwepa kijiji kile. Sadala naye akabadili majigambo: "Komeo langu zuri, ndiyo, lakini jirani yangu ni Bi Kazija!" Bibi alipofariki, mchi wake ukasimikwa njia ya kuingilia kijijini, na hakuna aliyepita bila kusema hodi.

Basi wanangu, fungeni milango, ila msimtangazie kila mpita njia kwamba mmetoka. Mwambieni jirani.

Hadithi yangu imefika mwisho, nami naiegemezea mchi. Msidhani hamna mtu ndani!