Nyati Mlinzi wa Kitovu cha Mto

Paukwa!
— Pakawa!
Maji yanaenda wapi?
— Bondeni!
Na sisi je?
— Tunapanda yanakotoka!

Aliyemletea Pimbi habari ni Mbayuwayu, ndege asiyeweza kulala na neno mdomoni.

"Mama Pimbi, umesikia? Nyati amelala kwenye bwawa la chini ya maporomoko. Anasema mto wote ni wake. Swala kaenda kunywa, kafukuzwa kwa pembe!"

Kilikuwa kiangazi. Wana wawili wa Pimbi walikuwa na ndimi kavu kama majani makuukuu ya mgomba. Pimbi akawaficha mwambani, akashuka hadi bwawani kwa Nyati.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikuja kuomba maji. Nimekuja kukupa pole ya kazi."

"Kazi gani?"

"Si mto ni wako? Huku kwetu milimani, mwenye mfereji huufuata mpaka yanakotoka maji, akausafisha, akalinda kitovu chake. La sivyo, walio juu hunywa kwanza, yeye akanywa mabaki."

Nyati akainuka, shwaa! "Mabaki? Mimi? Nani anakunywa kabla yangu?"

"Sijui, bwana. Mimi ni wa huku chini."

"Basi tangulia! Nisipokiona hicho kitovu, nitakukanyaga uwe unga."

Pimbi hakuwahi kupanda huko hata siku moja. Lakini angesema nini?

Wakapanda. Poromoko la kwanza lilinguruma kama kijiji kizima kinachotwanga mahindi. Pimbi akasimama, manyoya yakimlowa.

"Kitovu?" akauliza Nyati.

"Bado, bwana."

Wakapanda. Poromoko la pili lilikuwa limeupasua mlima, na ndani ya moshi wake upinde wa mvua ulizunguka ukawa duara, kama bangili. Pimbi akasahau kufumba mdomo.

"Kitovu?"

"Bado, bwana."

Wakapanda. Poromoko la tatu halikuwa na sauti. Lilianguka kutoka juu sana, likachoka njiani, likawa ukungu kabla ya kugusa mawe.

"Mama yangu!" akanong'ona Pimbi.

"Kitovu?"

"Bado, bwana."

Wakafika kileleni. Hapakuwa na shimo wala chemchemi. Palikuwa na miti mizee yenye ndevu ndefu za kijani, na mawingu yakipita katikati yake. Nyati akainua kwato.

"Kitovu kiko wapi, wewe?"

Pimbi akafumba macho. Akawawaza wanawe kule mwambani. Kimya. Halafu tone la maji likadondoka kutoka kwenye ndevu za mti mmoja: ti!

"Hicho hapo, bwana!"

Nyati akakinga mdomo. Kando yake: ti!

"Na hicho?"

"Nacho pia."

Ti!

"Na kile?"

"Nacho pia. Na kile kule hakina mlinzi!"

Ti, ti, ti! Nyati akakimbilia huku, akakimbilia kule. "Nikiwa hapa watakunywa kule! Nikienda kule watakunywa hapa!"

"Pole na kazi, mwenye mto," akasema Pimbi.

Akageuka ashuke, miguu ikakataa. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Bonde lote lilikuwa chini yake: migomba, mifereji, mto mwembamba kama unyasi uliodondoka, na mwamba wa nyumbani kwake, mdogo kuliko punje ya mtama. Akatazama mpaka macho yakamtoka machozi.

Jioni ile wanawe walikunywa, gubu, gubu, gubu! Swala akanywa, Mbayuwayu akanywa. Nyati yuko kule kule, anakimbiza matone.

Hadithi yangu imeshuka na maji. Aliyekinga kiganja ameipata.

Na fundisho ni lile Pimbi alilowapa wanawe kabla hawajalala: "Mdogo akae chini, asiwadanganye wakubwa, wala asiende kuchungulia maji yanakotoka. Huko juu hakuna kitu."

Asubuhi yake, umande haujakauka, akawapandisha mgongoni wote wawili, akaanza kupanda yanakotoka maji.