Magari Yasiyotoka Boksini

Nyinyi mnaotuambia tuvumilie, hebu niwaulize kwanza: mmewahi kumwona mtu akinunua gari kwa sharti kwamba lisitembee hata hatua moja?

Yupo. Mimi nimesimuliwa habari zake, na kwa kuwa sina kazi ya kunikatiza, nimezifikiria vya kutosha.

Mtu mmoja wa Tanga alikuwa na kabati la magari. Si magari ya kupanda. Ni yale madogo ya chuma, yanayoenea kiganjani, yaliyofanana na magari ya kweli mpaka vitasa vya milango. Mtu huyo aliitwa Mzee Shekiondo, karani mstaafu wa forodha. Aliyapata kwa mabaharia, kwa minada, na kwa ndugu waliokwenda Ulaya wakaagizwa gari badala ya viatu vya watoto. Alitaka yale adimu tu: la rangi iliyotoka mwaka mmoja kisha ikaachwa, la usukani uliowekwa upande usio wake kwa makosa ya kiwandani.

Watu wa mambo hayo wana sheria yao. Gari lililo ndani ya boksi lake, halijaguswa, ndilo lenye bei. Ukilitoa, limeshakuwa la mtoto. Mint, yaani jipya kabisa, wanasema, kwa midomo iliyobana. Basi Mzee hakufungua hata moja. Na kwa kuwa, baada ya Mungu, hakuna alichokiogopa kama vumbi, kila boksi alilivisha nailoni, akaziba kila upenyo kwa selotepu, akalifungia kabatini, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Lori moja tu ndilo lililobaki nje. Boksi lake lilikuwa limelowa njiani likararuka, kwa hiyo akalidharau, akalifanya kizuizi cha dirisha lisijibamize upepo ukija.

Dada yake alipokuja kula Idi aliyatazama kupitia kioo cha kabati akasema, "Kaka, haya magari yako yanakula nini? Maana yamenawiri kuliko watu wa nyumba hii." Mzee akacheka. Hakufungua.

Mzee huyo alikuwa na binti, Mwanaidi. Mwanaidi alisomea uhandisi wa mitambo, akavaa joho, akapigwa picha, akarudi nyumbani. Cheti chake baba alikitia kwenye nailoni ya aina ile ile. Akaomba kazi. Wachache waliomjibu walitaka experience. Ipatikane wapi, hawakusema. Labda inauzwa gengeni pamoja na nyanya. Ndipo fundi mmoja wa Ngamiani, aliyekuwa anahamia Muheza, akamwambia: gereji yangu nakuachia, wewe lete vifaa tu, nitakungoja mpaka mwezi uandame.

Mwanaidi akamwendea baba yake. Hakuomba kabati zima. Aliomba wauze machache.

"Mwanangu, mtaji wako ndio huo umekaa," baba akasema, akigonga kioo kwa ukucha. "Kila mwaka unapanda. Tukiuza leo umejiibia. Vumilia, siku yako itafika."

Na aliyasema hayo kwa moyo wake wote. Hapo ndipo paniudhipo. Mtu mwovu ungemkimbia. Mtu anayekupenda huku ameshika ufunguo, unamwamkia shikamoo kila asubuhi.

Mwezi ukaandama. Gereji ikachukuliwa na mwingine. Mwanaidi akakaa. Akapika, akafua, akaitwa kwenye semina za ujasiriamali, akapewa soda na cheti kingine. Miaka ikaenda. Kinywa kilichokuwa kikibishana kuhusu injini wakati wa kula kikanyamaza. Siku moja gari la jirani lilizimika mbele ya nyumba, wanaume wakalizunguka wakilipiga mateke kama punda. Mwanaidi alilitazama kutoka dirishani, mkono wake juu ya lile lori. Hakutoka.

Hatimaye Mzee akasema siku imefika. Akamwita mnunuzi kutoka Dar es Salaam, mtu mpole, mwenye glovu nyeupe mfukoni. Kabati likafunguliwa. Mnunuzi hakuhangaika na picha zilizo juu ya boksi. Aliliinua lile la kwanza mpaka sikioni, akalitikisa taratibu.

Likalia kama kayamba.

Akainua jingine. Kayamba. Mzee akasema huenda ni skrubu imelegea. Mnunuzi akaomba ruhusa, akakata nailoni, na harufu ya uvundo ikatoka kabla ya gari. Mipira ya magurudumu ilikuwa imeyeyuka ikagandana na bodi, na chuma chenyewe kimepasuka kikawa chenga. Unyevu wa Tanga ulikuwa umeingia siku ile ile ya kufunga, na nailoni haikuuacha utoke.

"Mzee wangu," mnunuzi akasema, "vitu hivi vinataka hewa."

Akamaliza chai yake, akainuka. Akielekea mlangoni akaliona lile lori dirishani. Rangi ilikuwa imechubuka, na bampa limeshika kutu ya chumvi. Akalisukuma kwa kidole kwenye ubao wa dirisha. Likaenda mpaka mwisho wa ubao. "Hili nitalichukua," akasema.

Mgeni alipoondoka, Mzee aliketi sakafuni akatikisa boksi moja baada ya jingine, akitafuta hata moja lililonyamaza. Mwanaidi akapiga magoti mbele yake. Akamwondolea boksi mkononi, akauchukua mkono ule akauweka begani pake.

"Baba," akasema, "na mimi nitikise, usikie."

Mzee hakuthubutu.

Sitawafafanulia kabati ni nini, wala nailoni ni nini. Mna washauri, na wao wana mishahara. Nasema na nyinyi mnaotembea na funguo shingoni, maofisini na kwenye bodi, kwenye viti mlivyovikalia mkiwa na umri wetu na hakuna aliyewauliza experience. Msituite tena hazina ya taifa; hazina tumeshaona inavyooza. Fungueni kabati sasa, mtuweke barabarani tuchubuke rangi kama wenzetu, wakati magurudumu yetu bado yanazunguka.