Jinsi "Bado" Lilivyotoka Jikoni

Sogeeni niwaeleze, na mwenye usingizi akalale kwao. Zamani, kabla babu wa babu zenu hawajaota meno, neno "bado" lilikuwa la jikoni tu. Mpishi alifunua chungu cha makande, akabonyeza punje ya hindi, akasema "bado", basi, wenye njaa wakangoja. Nje ya jiko watu walikuwa na majibu mawili tu: ndiyo na la.

Kule Chinyika, nchi kavu, kisima kilichimbwa na kijiji kizima. Mjumbe wa Mtemi alikuja kuuliza kama maji yamepatikana. Akijibiwa "la", shimo lilifukiwa papo hapo ili ng'ombe wasitumbukie, na watu wote walihama. Asiyeweza kutembea aliachwa pale na kibuyu cha maji. Msinikodolee macho, si mimi niliyeiweka desturi hiyo.

Mwaka mmoja wa ukame wachimbaji walikata tamaa, wakatoka shimoni wakaanza kufunga mizigo. Mpishi wao, Sechelela, alikuwa na mama aliyepooza miguu. Alipoiona ile mizigo, roho ilimuuma kwelikweli. Akatupa mwiko, akachukua jembe, akateremka mwenyewe. Wanaume wakamcheka.

Chilongola, mjumbe wa Mtemi, akafika na vijana wa kufukia. Akachungulia shimoni.

"Dada Sechelela, maji yamepatikana?"

Kusema ndiyo ni uongo. Kusema la ni kumzika mamaye angali hai. Akajibu kama alivyozoea kuwajibu wenye njaa.

"Bado."

"Kwani unapika nini humo?"

"Hata kama napika. Tangu lini mkaambiwa bado, mkamwaga chungu?"

Chilongola akakuna kichwa. Desturi ilimtaka afukie akisikia "la", na "la" hakulisikia. Akaondoka na vijana wake. Kesho yake akarudi, akajibiwa vilevile. Aibu ikawaingia wachimbaji. Mmoja akateremka kumsaidia, akafuata mwingine, mwishowe wakawa wanagombania zamu.

Udongo ukaanza kuwa baridi. Kisha ukashikana kiganjani. Kisha maji yakabubujika, yakawafika magotini huku wanaimba. Chilongola akafika, akauliza tena. Safari hiyo Sechelela alipanda na kibuyu kimejaa pomoni, akapita katikati ya vigelegele, akaenda kumnywesha mama yake. Mizigo ikafunguliwa, na kila mtu akabaki kwake.

Na tangu siku hiyo, ukimuuliza mtu kama ameoa, kama amejenga, kama amepata mtoto, hakujibu "la". Anakwambia "bado", naye anakutazama usoni bila haya. Juzi kitukuu changu, yule mtundu, kaniuliza mbele ya wageni, "Bibi, umezeeka?"

Nikamwambia bado.