Kosa la Mwisho ni Mjukuu

"Kosa la mwisho ni mjukuu; mtafute babu yake."

Vijana watatu wa chuo cha ufundi waliisikia methali hiyo kwa mwalimu wao wa karakana. Walicheka, kisha baada ya masomo wakamwendea Mzee Lutengano, jirani wa chuo anayejua visa vingi, kumwuliza ilikotoka. Mzee aliwaambia kwamba methali nyingi hazina mwenyewe, na ukiuliza asili yake utaambiwa tu "wahenga walisema." Lakini hii wahenga hawaijui kabisa. Ilizaliwa mchana wa Alhamisi mbele ya kompyuta, na mama aliyeitamka bado yu hai na anapenda kusifiwa. Basi kaeni vizuri, akasema, niwaeleze ilivyoanza.

Katika bonde la Mto Lwasyo, ambako watu hulima mpunga, palikuwa na kituo kidogo cha kupima maji. Fundi wa kituo alikuwa msichana aitwaye Tusajigwe, mwenye miaka ishirini na sita, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kuahidi. Hakuwa mwongo. Alichoahidi alikitimiza, ndiyo maana alizoea kuahidi. Siku ya mkutano wa kijiji, wakati mpunga umeanza kuinamisha vichwa na ndege wameanza kuunyemelea, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Ninyi amieni ndege. Mto nitauangalia mimi." Watu walimpigia makofi, wakaenda kujenga madungu yao, vichanja vya kulindia mpunga, katikati ya mashamba, hata yale ya chini kabisa yaliyo karibu na mto.

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Juu kabisa, kwenye korongo ambalo hata wachunga ng'ombe hawafiki, kilifungwa kifaa cha kupima kina cha maji. Kifaa kilituma namba kituoni, na seva, yaani kompyuta kuu ya kituo, ilizisoma. Maji yakipanda kupita kiasi, seva ilituma ujumbe kwenye simu mia moja na arobaini za bondeni. Kutoka korongoni hadi mashambani maji huchukua saa tatu. Saa tatu zinamtosha hata bibi kizee kushuka dunguni, kukunja mkeka wake na kupanda kwenye tuta la kujikinga na mafuriko bila kuvunjika kiuno.

Jumapili radi ikaipiga seva ile, ikafa. Jumatano ikaletwa nyingine mpya, inang'aa, lakini haikuijua kazi. Kasoro ilikuwa kwenye sheli. Sheli, kwa ambaye hajakutana nayo, ni programu inayopokea amri. Haina picha wala vitufe. Mtu anaandika neno, yenyewe inalifikisha ndani ya mashine na kumletea jibu. Ziko sheli nyingi, kila moja na lugha yake. Programu ya tahadhari ya mto iliandikwa kwa lugha ya sheli moja ya zamani, na seva mpya ilikuja na sheli nyingine, isiyoelewa hata mstari mmoja wa programu ile.

Mtandao wa kituo ulitosha kutuma ujumbe wa simu, basi. Haukutosha kupakua kitu. Kwa hiyo Tusajigwe aliletewa msimbo chanzo wa sheli ya zamani ndani ya flashi. Na msimbo chanzo, vijana wangu, si programu iliyo tayari. Ni mpunga ambao haujakobolewa. Unaukoboa mwenyewe kwa hatua tatu: kwanza mashine ikaguliwe kama ina kila kinachohitajika, pili msimbo ujengwe uwe programu, tatu programu isakinishwe mahali pake. Tusajigwe alikwisha kufanya hivyo chuoni mara nyingi. Alhamisi saa mbili asubuhi alijifunga kibwebwe, akaketi.

Aliandika amri ya ukaguzi. Mistari ikapanda kwenye skrini upesi upesi, mamia kwa mamia. Ilipotulia, akaandika amri ya kujenga. Mistari ikapanda tena, na safari hii ikaishia vibaya: ujenzi umeshindikana, makosa sitini na matatu.

Hakutishika. Alisoma kosa lililokuwa chini kabisa ya skrini, lile lililo mbele ya macho yake. Lilisema neno fulani katika mstari fulani wa msimbo halijulikani. Akalifungua faili lenye mstari huo, akaufanyia marekebisho, akajenga tena. Makosa sitini na saba. Akasoma tena la chini, akarekebisha, akajenga. Hamsini na tisa. Hapo akatabasamu, kwa kuwa yalipungua. Akarekebisha lingine. Themanini na moja.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Asegelile.

"Fundi, mlima umefunga. Wingu limekaa juu ya korongo tangu alfajiri. Mashine yako imepona?"

"Iko mbioni, mwenyekiti."

"Sikuulizi iko wapi. Nauliza, niwatoe watu mashambani au niwaache? Nikiwatoa leo, ndege watamaliza kila kitu kabla ya kesho. Nikiwaacha na mto ukaja bila taarifa, nitazika watu."

Tusajigwe alitazama skrini, akatazama saa ya ukutani. "Nipe mpaka saa nane," akasema. "Ikifika saa nane sijakupigia, watoe wote."

"Saa nane. Nakuamini, fundi."

Kuaminiwa ni kutamu, lakini siku ile kulimkaa Tusajigwe kifuani kama ugali uliomezwa bila mboga. Alirudi kwenye msimbo kwa kasi zaidi. Kufikia saa sita na nusu alikuwa amekwisha kukarabati mafaili kumi na moja ya sheli ambayo haikuwa na ubovu wowote. Alijua kila kosa la mwisho kwa jina. Akilifuta moja, linatokea lingine pale pale. Alikuwa anatwanga maji, na kinu kilikuwa kimempendeza.

Saa saba kasorobo akaingia Mama Lusajo. Huyu ndiye aliyekuwa akisoma nguzo ya vipimo hapo kituoni, asubuhi na jioni, tangu kituo hakijapata umeme. Kompyuta hakuijua, na hakuona aibu kusema hivyo. Siku za Jumatatu alikuwa mjumbe wa baraza la kata, mahali wanapoletwa wagomvi wa mipaka, wa mbuzi na wa matusi. Aliweka ndizi za kuchoma mezani, akasimama nyuma ya kiti.

"Hujala, Tusa."

"Nitakula nikimaliza, mama."

"Unamaliza nini? Tangu saa nne nikipita dirishani nakuona unapiga mahali pamoja."

"Si pamoja. Kila nikiua kosa linakuja jipya. Tazama hili la mwisho, ni baya kuliko yote."

Mama Lusajo alitazama skrini kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua. "Haya. Na la kwanza lilikuwa nini?"

"La kwanza?"

"La kwanza. Mashine ilipoanza kulalamika, ilianza na neno gani?"

Tusajigwe hakulijua. Tangu asubuhi alikuwa hajaliona. Mistari ilipita mbio, la kwanza likapanda juu likapotea, na yeye akashughulika na lililobaki chini. "Lilipita," akasema hatimaye.

"Lilipita!" Mama Lusajo akapiga makofi ya mshangao. "Mwanangu, ungekuwa mjumbe wa baraza letu ungetufungia watu bure. Juzi walikuja ndugu wawili, mmoja kichwa kimepasuka. Huyu anasema alipigwa jembe. Mwenzake anasema alitukanwa. Kabla ya tusi kuna mbuzi aliyekula mahindi, kabla ya mbuzi kuna ua uliong'olewa. Tukawarudisha nyuma, nyuma, mpaka kwa babu yao aliyewagawia shamba bila kuweka jiwe la mpaka. Tumeweka jiwe, kesi nne zimekufa siku hiyo hiyo. Kosa la mwisho ni mjukuu, Tusa. Mtafute babu yake."

Tusajigwe alitaka kumweleza kwamba kompyuta si baraza la kata. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Kisha alikumbuka hesabu yake ya asubuhi, sitini na matatu, sitini na saba, hamsini na tisa, themanini na moja, na akaona kwamba hesabu ya namna hiyo si ya makosa yanayotibiwa. Ni ya ukoo unaozaana.

Ilibidi kwanza afanye jambo lililomuuma. Mafaili kumi na moja aliyoyakarabati yalikuwa kazi ya saa nne na zaidi, na sasa yalikuwa yameharibika kwa mikono yake. Aliyafuta yote. Alifungua upya msimbo kutoka kwenye flashi, ukiwa safi kama ulivyoletwa. Machozi yalimlenga, akayaacha yalenge. Kisha akaandika amri za ukaguzi na ujenzi, lakini safari hii akaiamuru seva iandike kila neno lake ndani ya faili, ili lisikimbie. Ujenzi ukashindikana tena, makosa yale yale sitini na matatu. Akafungua faili la kumbukumbu, akaanza kusoma kuanzia juu, mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini.

Kosa la kwanza lilikuwa fupi. Seva ilikuwa inalitafuta faili moja la maktaba, yaani mkusanyiko wa misimbo ya msaada, ya kuongoza maandishi kwenye skrini, na ilisema haikulipata. Basi. Kwa kuwa faili hilo halikuwepo, maneno yote yaliyoelezwa ndani yake hayakujulikana, na kila mahali yalipotajwa pakatokea kosa. Makosa sitini na mawili yalikuwa watoto na wajukuu wa hilo moja.

"Umemwona?" akauliza Mama Lusajo.

"Nimemwona, mama. Ni maktaba tu. Maktaba haikuwekwa!"

"Unayo?"

Tusajigwe aligeuka. Juu ya kabati ilikuwapo diski iliyokuja pamoja na seva, ingali ndani ya nailoni yake. Aliichana kwa meno. Maktaba ilikuwamo. Aliisakinisha kwa dakika tatu, akarudia ukaguzi, akaandika amri ya kujenga, akaondoa mikono mezani.

Mistari ilipanda, ikapanda, ikatulia. Kosa hata moja halikutokea. Hakuamini kwa macho peke yake. Aliendesha majaribio yanayokuja na msimbo, yakapita yote. Ndipo akasakinisha sheli, akaiita kwa jina, nayo ikamfungulia mstari mtupu wa kusubiri amri. Aliipa programu ya mto. Seva ikanyamaza kidogo, kisha ikaandika kina cha maji kule korongoni: mita moja na nusu, kiasi cha kawaida. Tusajigwe alicheka kwa sauti, akamkumbatia Mama Lusajo, akaila ndizi iliyokwisha kupoa.

Saa nane kasoro dakika sita alipiga simu. "Mwenyekiti, waache waamie. Mto ninao."

Saa tisa na nusu namba zikaanza kupanda. Mita mbili. Mita mbili na nusu. Ilipofika tatu, simu mia moja na arobaini zililia bondeni kwa wakati mmoja. Watu walishuka madunguni na mikeka yao, sufuria zao na watoto wao, wakapanda tutani bila kukimbizana. Saa kumi na mbili na nusu jioni Lwasyo ukaja wa rangi ya matope, ukatambaa juu ya mashamba ya chini, ukalala hapo kwa saa chache kisha ukaondoka. Madungu saba yalikwenda na maji. Mpunga uliinama, ukainuka. Mwenyekiti alihesabu watu wake mara mbili, na hesabu ikatimia mara zote mbili.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na Tusajigwe angebaki shujaa. Lakini wiki iliyofuata ofisi kuu ilimwandikia. Walimpongeza, halafu wakauliza: kazi ya saa moja kwa nini ilichukua takribani saa sita, na ni nani aliyekosea? Jibu rahisi alikuwa nalo. Walioiandaa seva hawakuweka maktaba. Andika hivyo, lawama iende kwao, yeye abaki na sifa zake.

Aliketi kuandika, na kabla ya kuandika akalifungua tena lile faili la kumbukumbu, akapanda juu zaidi ya kosa la kwanza, mpaka kwenye mistari ya ukaguzi. Huko alikuta onyo: maktaba ya skrini haikuonekana. Ukaguzi wa asubuhi ulikuwa ule ule; basi seva ilikuwa imekwisha kumwambia, tena tangu saa mbili na dakika chache, kabla hajajenga chochote. Yeye ndiye aliyeiacha mistari ipite bila kuisoma, kwa kuwa alijiona anaijua kazi.

Hakuna aliyemwona, na hakuna ambaye angejua. Kisha akaandika barua fupi kuliko zote zilizowahi kutoka kituoni pale: "Makosa yalikuwa sitini na matatu. Kosa la mwisho ni mjukuu. Nimemtafuta babu yake, nimemkuta ni mimi."

Mkuu wa ofisi aliisoma mara mbili. Hakumwadhibu. Aliibandika barua ile ukutani, mahali ambapo kila fundi anayekwenda kuripoti hasara hulazimika kusimama akisubiri kuitwa, na mafundi wakaondoka nayo midomoni hadi kila wilaya. Ndivyo ilivyowafikia hata walimu wa karakana. Nanyi mkiisema, msiwe mnawanyoshea wengine kidole. Anayeitafuta asili ya kosa na apande mpaka juu kabisa, hata kama kule juu atajikuta mwenyewe.

Kosa la mwisho ni mjukuu. Mtafute babu yake.